Shahidi wa Venansi

Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona unyasi. Venansi alishtuka kwa unyasi, kwa mlango, kwa kifuniko cha sufuria. Nyoka tu ndiye hakumshtua.

"Ni upepo, Baba Kasilda. Ni mlango tu," mkewe Anisia alimnong'oneza, akimwinua kutoka chini ya benchi.

Walikuwa wametoka Buhinyuza alfajiri, kwa mara ya tatu, kufuatilia malipo ya askari walioharibiwa na vita. Ofisi ya Gitega ilijaa watu. Leonardi, karani, hakuinua macho.

"Bwana yako iko na mikono ya kubeba ng'ombe, mama. Juu ya nini anashindwa kulima?"

"Jembe likigonga jiwe, anajitupa mtaroni na kulia. Tangu tuoane nalima peke yangu. Mwaka wa tisa huu."

"Daktari ameandika, sawa. Shahidi ndiye anakosa. Mtu aliyekuwa pale darajani siku ile waliposhambuliwa."

"Wenzangu wote walikufa," Venansi alisema.

"Na we ulikuwa wapi?"

Venansi alitazama viatu vyake. "Sikumbuki."

"Basi leo nafunga dosiye. Pole, mzee." Leonardi alilisukuma faili kando.

Anisia alikuwa ameketi na kusimama mara nne tangu waingie. Sasa alisimama na hakuketi tena.

"Niandike mimi."

"Bibi ya mtu hatuandiki!" Leonardi aliwageukia waliokuwa kwenye benchi. "Hata bibi yangu angeapa mi ni jenerali!"

Watu walicheka. Anisia aliwangoja wamalize.

"Walikuwa wanne. Watatu walikuwa wanamenya ndizi. Huyu aliteremka mtoni na kidumu cha njano, akipiga mluzi. Alipolipanda tena gema, wenzake hawakuwapo."

Leonardi alishika kalamu. "Amekusimulia vizuri."

"Hajawahi kunisimulia."

Venansi aligeuka taratibu, akamtazama mdomoni.

"Sasa umejuaje, mama?"

"Nilikuwa nimelala kwenye mihogo, hatua ishirini kutoka pale. Nilimsubiri mwenye mluzi ateremke kwanza, ndipo nikarusha guruneti." Alilisukuma faili mbele ya karani. "Umepata shahidi, piga mhuri. Vilikuwa vita. Sitamwomba mtu msamaha, hata yeye."