Siku Uzi Ulipoisha

Mji mzima ulijua kwamba Bi Mize akiwa anashona kofia, hana habari hata na aliyeketi mbele yake. Lakini mikono yake ikipumzika, huona yaliyomo moyoni mwa mtu. Ndiyo maana wachumba walipelekwa kwake, wakae naye kimya, asiwe na kazi mkononi.

Tangu mwanawe Bwanadi apotee, Shee, rafiki wa kijana huyo, alimletea kofia za kushona kila siku. Watu walimsifu kwa huruma yake.

Leo uzi uliisha kabla ya adhuhuri. Bi Mize akachomeka sindano kwenye kofia, akalaza mikono pajani, akamtazama Shee aliyeketi mbele yake.

“Ngoja nikuletee mwingine, mama,” Shee akasema, akiinuka upesi.

“Kaa, mwanangu. Miezi saba hujaniacha nipumzike.”

Shee akakaa. Akajilazimisha kuwaza mvua, bei ya mchele, chochote.

Bi Mize akamtazama mpaka machozi yakamlenga mwenyewe. Kisha akauliza taratibu:

“Hicho kisima ulimomtumbukiza, kina maji au kimekauka?”

Bi Mize akaichukua sindano isiyo na uzi, akaendelea kuitoboa kofia, tundu baada ya tundu.