Bolti Mbili Kwenye Kopo

Bolti mbili zilikuwa zimebaki kwenye kopo, na gari la shemeji lilikuwa limeshaondoka.

Fundi alizimwaga kiganjani. Mpya, zinang'aa, bado zina mafuta. Bolti za propela, chuma kirefu kinachozunguka chini ya gari kupeleka nguvu kwenye tairi. Kila propela hufungwa kwa nne kwenye gia boksi ndogo, ile inayogawa nguvu kwa tairi za mbele na za nyuma. Hizi mbili zilitakiwa ziwe huko chini ya gari, si mkononi mwake.

Kopo lilikuwa pale pale shemeji alipoegesha. Tangu alfajiri fundi alikuwa akinyanyua magari mawili, la shemeji na la kwake, kwa springi walizonunua pamoja. Gari likinyanyuliwa, propela hukaa mshazari na kuumia. Basi akaishusha gia boksi ndogo kwa vipande vya chuma, akarefusha propela, akafunga. Muda wote dada yake alimsimamia kichwani.

"Kaka, fanya upesi. Mimba haingoji springi."

Sasa dada huyo, mjamzito wa miezi minane, alikuwa ndani ya gari hilo na mumewe, anapanda mlima kwenda hospitali iliyo ng'ambo yake.

Simu ya shemeji haikupatikana. Akapiga ya dada. Ikalia jikoni. Mama yao akatoka nayo, mikono imejaa unga.

"Kaisahau juu ya friji. Wewe, mbona umekuwa hivyo?"

"Nimewaacha na bolti pungufu, mama. Zilizobaki zikikatika, propela inaanguka. Gari halivuti tena. Na breki ya mkono haishiki, maana kwa magari haya inakamata propela, si tairi. Wakiwa mlimani..."

"Sasa unanisimulia mimi? Washa gari!"

"Wewe baki."

"Nibaki na nani? Yule nilimzaa mimi, hukumzaa wewe." Akapanda kwa kushikilia mlango, akihema. "Na hili ghorofa lako halina ngazi."

Wakaenda mbio. Kushoto mwamba, kulia korongo lisiloonekana chini. Kila kona fundi alitafuta alama za tairi kwenye ukingo. Mahali pamoja ukingo ulikuwa umemeguka, udongo mbichi. Mama akafumba macho. Fundi akachungulia: maji ya mvua tu. Akaongeza mwendo.

"Nyayo zinanitetemeka," mama akasema. "Mpaka magotini."

"Woga huo, mama."

"Woga wangu mimi hukaa tumboni."

Fundi alikuwa ameliona gari la shemeji mbele, juu ya mwinuko mkali, limesimama. Dada yake yuko nje, ameinama, mumewe amemshika mabega.

Fundi akasimama nyuma yao, akazima gari, akavuta breki ya mkono mpaka mwisho.

"Tulia humo humo, mama, usije ukateguka mguu."

Akakimbia, akajitupa chini ya gari la shemeji kwenye kokoto. Hakumsalimu mtu. Akapapasa propela ya mbele: moja, mbili, tatu, nne. Ya nyuma: moja, mbili, tatu, nne. Akazijaribu kwa spana. Hazikusogea hata unywele.

Akalala pale chali, akacheka mpaka machozi yakamwingia masikioni.

"Shemeji!" sauti ikamwita kutoka juu. "Umetukimbiza kama tumekuibia mbuzi! Kwani nini? Dada yako katapika tu."

Fundi akatoka akijipangusa vumbi, bado anacheka. Akafungua kiganja, bolti mbili zikang'aa juani.

"Nilidhani ni za kwenu."

Shemeji akaziangalia. "Sasa za nani?"

Dada alikuwa akimpungia mama yao mkono. Mkono ukasimama hewani.

"Kaka," akasema, "mbona mama anarudi kinyumenyume?"