Ombi Lililosikika Kilimani

Kila Jumamosi wakimbizi Wakongo wa mtaa wa Namuwongo hupanda kilima kinacholitazama jiji, na huko juu huomba wote kwa pamoja, kwa kelele, hata mtu asisikie ombi la jirani. Hortense, binti mmoja kati yao, alikipenda kilima kwa sababu hiyo.

Leo mchungaji alipoinua mkono, wote walinyamaza isipokuwa Hortense, aliyekuwa amefumba macho asiuone mkono huo.

"Bwana, safari yangu ya Kanada ikataliwe, nisimwache mama peke yake!"

Jasho la kupanda likampoa mgongoni. Pembeni, mama yake alikuwa bado amepiga magoti, udongo mwekundu umemganda kwenye kitenge, akimtazama.

"Mama, mimi..."

"Nyamaza, wewe mtoto." Akainua mikono yote miwili. "Bwana, huyu usimsikilize hata kidogo. Mimi ndiye niliyemzaa."