Mvukuto

Kabla jumba la sinema halijabomolewa, mzee Gervas aliomba akipige kile kinanda cha mabomba kwa mara ya mwisho. Perpetua akazunguka nyuma ya ukuta, mahali pake tangu enzi za picha zisizo na sauti, akashika mpini wa mvukuto uliokipa kinanda upepo wa kulia.

"Usinikatie upepo, dada," Gervas alisema kutoka upande wa pili.

"Lini nilikukatia, kaka? Wewe gonga tu ukichoka."

Ndivyo walivyofanya kazi miaka yote. Hawakuonana, na mvukuto haukusimama mpaka Gervas agonge ubao.

Akapiga wimbo wa harusi, ule uliokuwa ukiwaliza watu ukumbi mzima. Katikati yake zikalipuka sauti nyingi kwa pamoja, kana kwamba mtu ameangukia vibao vya kinanda kwa kifua, zikabaki hivyohivyo, nzito, bila kubadilika.

"Kaka Gervas?"

Ubao haukugongwa. Huko nje mafundi waliokuja kubomoa wakaanza kupiga makofi.

Perpetua alikuwa ameshajua. Mabega yalimwaka moto, machozi yakamfika kidevuni, lakini aliukandamiza mpini, akauinua, akaukandamiza tena, na kinanda kikaendelea kulia.