Sindano ya Ilongero

"Sindano? Mimi hata mnichome mkuki, sipepesi jicho," Alphonce aliwatambia waliokaa naye kwenye benchi nje ya zahanati ya Ilongero. "Kilichonileta ni kidonda cha buba tu."

Wakacheka. Mzee Mughwai, aliyebanana naye, akaitazama baiskeli iliyojaa vumbi.

"Bwana mdogo, umetoka wapi na jua hili?"

"Mgori, mzee."

"Mgori! Si mna zahanati yenu kule? Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, aliwafungulia kabla yetu."

"Wagonjwa wamejaa mno," Alphonce alijibu haraka.

"Wamejaa, au wamemkimbia dresa wenu, huyo mchoma sindano?" Mzee akasogea. "Si ndiye kashtakiwa kwa mtemi? Nasikia kamchoma binti wa watu sindano chafu, paja likaoza. Naye kaapa mbele ya baraza kwamba kuchemsha sindano si lazima. Hukumu keshokutwa."

"Kasema kweli. Sindano ni chuma, mzee. Chuma kinaozeshaje mtu?" Alphonce akatema mate pembeni. "Huyo binti karogwa. Atafute mganga, amwache mtumishi wa serikali afanye kazi."

Zamu yake ikafika.

Ndani, Anselm, dresa mgeni aliyehamia juzi kutoka Kondoa, alikuwa anavuta dawa kwenye bomba la sindano. Nyuma ya shuka iliyotundikwa kama pazia, mgonjwa mwingine alikuwa anagumia kitandani.

"Geuka. Teremsha kaptula."

Akageuka. Halafu akageuka tena. Yule asiyepepesa jicho alikuwa ameyatoa macho yote mawili.

"Umeichemsha?"

"Nini?"

"Sindano! Umeichemsha baada ya yule aliyetoka? Sufuria iko wapi? Mbona sisikii jiko?"

"Bwana, tulia. Nilichemsha asubuhi…"

"Asubuhi haitoshi! Ikishaingia kwa mtu ni lazima irudi kwenye maji yanayotokota! Usipochemsha, usaha wa huyu unahamia kwa yule, jipu linachimba nyama mpaka mfupani, mtu anakatwa mguu!" Sauti ilimpasuka. Akaushika mkono wa Anselm kwa mikono yote miwili. "Nakuomba, kaka. Usinifanyie hivyo. Nimeona mimi, kwa macho yangu."

Nyuma ya shuka, mgumio ulikoma.

Anselm hakukasirika. Alifunua sufuria iliyokuwa mezani. Sindano nyingi zilikuwa zimelala ndani, safi, zinang'aa.

"Kila mgonjwa na yake. Zilizotumika zinakaa kule, zinangoja moto. Na umefanya vizuri kuuliza. Mwili ni wako, ni haki yako." Akamtazama usoni. "Lakini wewe unajua mambo, bwana. Nani kakufundisha?"

Alphonce aliuachia mkono wa Anselm, akautazama mlango.

Mkono mwembamba ukaisogeza shuka. Marietha, yule binti wa Mgori, alikuwa amelala kifudifudi, paja limefungwa bendeji mpaka gotini. Akainua kichwa polepole.

"Shikamoo, Bwana Dresa," alisema. "Hayo uliyosema, keshokutwa utamwambia mtemi mwenyewe, au tukamwambie mimi na dresa mwenzako?"