Kitambaa cha Mgeni

Karani wa mahakama alikuwa mpole, na upole wake ndio uliomtisha Bi Mwanaidi.

"Mama, dai la fidia ya kifo hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Yako imekwisha mwezi uliopita."

"Lakini Bwana Lusekelo wa kiwandani aliniambia nisubiri. Tangu ukuta wa ghala lao umwangukie mume wangu, anakuja nyumbani kila mwezi. Analeta sukari, anakunywa chai, ananiambia shauri langu wanalo, nisihangaike na mahakama."

"Mara ya mwisho alikuja lini?"

"Mwezi uliopita," Bi Mwanaidi akajibu. Mwezi huu hakuonekana. Alidhani anaumwa, hata dua alimwombea.

Nyumbani alikaa akikitazama kiti alichozoea kukalia Bwana Lusekelo. Watoto hakujaliwa, na majirani walikoma kuja mara baada ya arobaini. Miaka yote hiyo mtu wa kumjulia hali alikuwa mmoja tu, na kwa ajili yake alikuwa ametarizi kitambaa cha maua mekundu, akakitandika kwenye kile kiti ili mgeni asikalie mbao tupu.

Akakivuta kitambaa, akakikunjakunja, akaenda nacho jikoni penye moto.

"Hodi," sauti ya kiume ikaita mlangoni.

Kabla hajajua ni nani, alikuwa amesharudi mbio, na mikono yake inakinyoosha kitambaa juu ya kiti.