Usafi wa Mwisho

"Toka kwenye hicho kiti," meneja wa maabara ya maji alisema. "Nywila yako nimeifuta asubuhi. Huna kazi hapa."

Mtaalamu wa programu hakuinuka. Alikuwa mdogo wa kike wa mke wa meneja, na kwa miaka mitatu ndiye aliyeitunza programu iliyopokea vipimo vya maji ya bomba ya mji mzima.

"Shemeji, naomba niifunge kwanza."

"Ushemeji ni wa nyumbani. Hapa usiniite hivyo."

"Basi ifunge wewe. Bonyeza pale palipoandikwa Funga, halafu subiri. Kabla ya kuzimika huwa inafanya usafi wake wa mwisho. Ukiikata ghafla, ule usafi haufanyiki."

Meneja alicheka bila furaha. Tangu amuoe dada wa mwanamke huyu hakuwahi kukubali neno lake, hata akimwambia mvua inanyesha.

"Usafi gani?"

"Wa kawaida tu. Kila jioni."

"Unanifanya mtoto. Umenitegea kitu humo ndani, nikibonyeza tu kinalipuka. Si ndiyo?"

"Hakuna mtego." Sauti yake ilianza kukatika. "Nifukuze, nitukane, mwambie dada lolote unalotaka. Ila usichomoe huo waya. Nakuomba."

Mafundi wawili waliacha chupa zao mezani wakaangalia sakafu. Meneja aliinama chini ya meza, akaushika waya wa umeme, na kabla ya kuuvuta akamtazama usoni ili amwone akiumia.

Kioo cha kompyuta kikawa cheusi.

"Haya. Nenda kalie huko nje."

Mwanamke alichukua mkoba wake na kutoka, amejifunika uso kwa viganja. Mlinzi alimsindikiza mpaka getini, akamsukuma bega, akafunga geti.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na gari jeupe. Alifungua mlango wa nyuma na kuketi kando ya mkaguzi wa afya, aliyekuwa na hati ya mahakama magotini. Alipoondoa viganja usoni, macho yake yalikuwa makavu.

"Ameifunga?" mkaguzi aliuliza kwa wasiwasi.

"Kachomoa waya kwa mkono wake. Vipimo vya kweli vya leo, vile anavyovibadilisha kwenye ripoti, vingefutwa na ule usafi; safari hii vimebaki. Ingieni."